Harusi ya rafiki yako

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza kama umkubalie rafiki yako anayetaka umpigie picha za harusi yake Desemba, hapo Kisumu, kwa kuwa kamati imeishiwa pesa na wewe una kamera nzuri. Kweli ni nzuri. Shida yake ni kwamba iko moja.

Mwaka 1988 nilimpigia picha rafiki yangu akioa Kakamega. Filamu ya picha 36. Kila nikivuta kile kiwiko cha kusogeza filamu namba inasonga, nami napiga tu: pete, keki, machozi ya mama mkwe. Kumbe ncha ya filamu haikushika ndani. Ningetupia jicho kile kifundo cha kuirudishia, nikaona hakizunguki, ningejua mapema. Ilipotoka kusafishwa ilikuwa tupu.

Hakunilaumu. Alicheka, akaninunulia soda. Lakini hadi leo nikienda kwake nachagua kiti kinachoupa mgongo ule ukuta wenye kalenda peke yake.

Wewe utaziona picha palepale, sawa, ila kadi zinazohifadhi picha nazo hufa. Kama kamera yako inabeba kadi mbili, iweke iandike kila picha kwenye zote mbili. Na ujizoeze na gauni. Kamera ikiona weupe mwingi hudhani mwanga umezidi, inaupunguza, na nyuso zetu zinazama gizani. Pima mwanga usoni, si kwenye kitambaa. Picha za familia usikubali zipigwe saa saba, jua likiwa juu macho yote yanakuwa mashimo. Saa kumi na moja ni nzuri, mvua ikikubali, lakini hapa kwetu kwenye ikweta, magharibi haingoji mtu: ikifika saa moja umebaki na flashi tu. (Hiyo flashi, muulize padri mapema kama anairuhusu kanisani.)

Ningekuwa wewe ningewaambia watafute mpiga picha wa kulipwa, hata wa bei ya chini, nami nije na kamera yangu kama mgeni. Utakula pilau na wenzako, na zile picha za kuibia, watu wasijue wanapigwa, ndizo unazozijua kuliko zote.

Wakishindwa kabisa, mwambie rafiki yako mbele ya bibi harusi kwamba hujawahi kupiga harusi. Wakikubali hivyo, nipigie simu. Mjomba wako wa Kondele ana kamera inayoingia lenzi zako, nami nitamwomba mwenyewe.

Baba