Ukuta wa Vigae vya Shule: Tuanzie Wapi?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa sanaa. Shule yetu inataka kupamba ukuta wa lango, wenye upana wa mita 3, kwa vigae vya udongo vitakavyofinyangwa na wanafunzi na kubeba urithi wa eneo letu. Vigae vyetu vya majaribio vilipinda, na kimoja kilipasuka vipande vipande tanurini. Nimeambiwa ni hewa iliyobaki ndani. Aidha, baadhi ya wenzangu wanashauri tunakili nakshi kutoka vitabuni ili kazi iishe upesi. Unatushaurije?

JIBU: Ndugu Mwalimu, nianze na hilo la mwisho, kwa kuwa ndilo litakaloamua iwapo ukuta huo utakuwa wenu kweli. Kabla ya kukanda udongo, wapeleke wanafunzi kwa wazee wanaosuka, wanaochonga na wanaofinyanga, wakaulize kila nakshi inaitwaje, ilitumiwa na nani, na kama inaruhusiwa kuwekwa hadharani, maana zipo alama ambazo wenyewe huzihifadhi kwa ajili ya ibada au ukoo. Haya hayamo katika kitabu cha michoro. Mkibahatika kupewa kipande cha mkeka uliochakaa, kibanze taratibu juu ya udongo laini, kisha kibandueni: mtaona kila msuko umebaki mahali pake, hata pale msukaji alipounga ukili, yaani ule utepe wa majani yaliyosukwa. Kitu cha thamani, hata hivyo, msikitie kwenye udongo wenye maji, kichoreni tu.

Kuhusu kupasuka, hewa husingiziwa. Kinachopasua kigae ni maji yaliyobaki ndani, ambayo yakifika nyuzi 100 za Selsiasi hugeuka mvuke na kutanuka kwa nguvu. Kiweke kigae shavuni. Ukihisi ubaridi, bado hakijakauka, hata kama kwa macho kinaonekana kikavu. Moto nao upandishwe polepole mwanzoni. Kupinda husababishwa na kingo kukauka kabla ya katikati, kwa hiyo vifunikeni kwa plastiki, mvigeuze mara kwa mara, na mchanganye udongo na chenga za vyungu vilivyochomwa na kusagwa.

Jambo ambalo hukulitaja, nalo huumiza wengi, ni kusinyaa. Udongo ukisinyaa kwa asilimia 10, kigae kibichi cha sentimita 20 kitatoka tanurini kikiwa na 18, na mstari wa vigae 15 mliokusudia ujaze mita 3 utapungua kwa sentimita 30. Kila udongo una kiwango chake, basi chomeni kwanza kigae kimoja na kukipima, ndipo mchore ramani ya ukuta mzima.

Mwisho, nyuma ya kila kigae, kingali kibichi, chimbeni mifereji ya kushikia saruji, na mkwaruze namba ya nafasi yake kwenye ramani kwa msumari, kwani namba iliyoandikwa kwa penseli huungua tanurini.