Kabla hujapandisha pydicom hadi toleo la 3, hifadhi majibu ya toleo la zamani

Ukipandisha pydicom, maktaba ya Python ya kusoma na kuandika picha za hospitali za kiwango cha DICOM, kutoka 2.4 hadi 3 halafu programu ikagoma kuwaka, shukuru. Hitilafu ya namna hiyo inakuonyesha mstari wenye shida, unaurekebisha na siku inaendelea. Ninayoiogopa mimi ni ile ambayo kila kitu kinawaka, majaribio yote yanapita, kisha picha zinaanza kutoka na namba tofauti na za jana bila mtu kushtuka.

Ninaandika programu zinazopokea picha kutoka kwenye mashine za CT, MRI na altrasaundi na kuzifikisha kwenye skrini ya daktari wa radiolojia. Kwa kazi hii kusasisha maktaba hakukwepeki, maana matoleo ya zamani huachwa bila matengenezo. Ila ushauri wa "sasisha tu, utaona" unawafaa wanaotengeneza tovuti ya mkahawa.

Toleo la 3.0 lilitoka Septemba 2024 na linataka Python 3.10 kwenda juu. Mambo yake yanayopiga kelele ni mepesi. `read_file` imeondolewa, tumia `dcmread`. `write_file` nayo imeondolewa, tumia `dcmwrite`. Ukikuta mahali pameandikwa `import dicom`, hapo una msimbo wa kabla ya toleo la 1.0, na pengine ni heri kuuandika upya.

Sasa tuje kwenye rangi. Picha za rangi, hasa za altrasaundi, mara nyingi huhifadhiwa kwa mfumo wa YBR: mwangaza unakaa peke yake, na tofauti za bluu na nyekundu zinakaa kando. Katika toleo la 2, `pixel_array`, yaani safu ya namba za pikseli, ilikuwa inakupa namba hizo jinsi zilivyo. Kuzigeuza kuwa RGB (nyekundu, kijani, bluu) ilikuwa kazi yako. Toleo la 3 linazigeuza lenyewe. Lakini lebo ya `PhotometricInterpretation` ndani ya faili uliyoisoma inabaki vilevile, `YBR_FULL_422`. Kwa hiyo msimbo wako wa miaka yote, ule unaosoma lebo kisha kuita `convert_color_space`, utageuza mara ya pili kitu kilichokwisha kugeuzwa.

Piga hesabu uone. Pikseli nyeusi kabisa, yaani sifuri tatu, ikipitishwa tena kwenye fomula ya kugeuza YBR kuwa RGB inatoka na kijani cha takriban 135, nyekundu sifuri, bluu sifuri. Sehemu yote nyeusi ya picha inakuwa kijani. Daktari akiiona atakupigia simu hapo hapo, na hiyo ndiyo bahati yako. Balaa lipo pale ambapo hakuna jicho la mtu: picha inaingizwa moja kwa moja kwenye modeli ya kompyuta, au inageuzwa kuwa JPEG usiku na kupelekwa kwenye kumbukumbu. Programu haishangai ikiona kijani. Na kwenye Doppler, altrasaundi inayoonyesha mtiririko wa damu, rangi si pambo. Kwa kawaida nyekundu ni damu inayokuja kuelekea kwenye kifaa cha kupimia, bluu ni ile inayokwenda mbali nacho.

Tiba yake ni kuondoa ugeuzaji wako mwenyewe. Kama bado hujawa tayari, ita `ds.pixel_array_options(raw=True)` kabla ya kusoma pikseli, utapata namba ghafi. Ipo pia `use_v2_backend=True` inayorudisha mtambo wa zamani; ichukulie kama gongo la kutembelea mguu ukiuma, usizeeke nayo.

Mtego mwingine uko kwenye kuhifadhi faili. Zamani tuliandika `save_as(jina, write_like_original=False)` ili faili itoke kamili kwa kiwango cha DICOM: baiti 128 za mwanzo, herufi DICM, kisha taarifa za utangulizi. Sasa hoja hiyo inaitwa `enforce_file_format`, na maana yake ni kinyume. `False` ya zamani ndiyo `True` ya sasa. Mtu akitumia tafuta-na-badilisha kwenye kihariri chake, akabadilisha jina na kuacha thamani, msimbo utapita bila neno. Picha zilizosomwa kutoka kwenye faili kamili zitaonekana sawa. Zitakazoumia ni zile ulizozijenga mwenyewe kwenye kumbukumbu ya kompyuta: zinaweza kutoka bila kichwa, na programu nyingine zitazikataa.

Ndiyo maana nasisitiza: hifadhi majibu kwanza. Ukiwa bado kwenye toleo la zamani, pitisha folda ya picha kwenye kiskripti kifupi kinachoandika, kwa kila faili, vipimo vya safu, aina ya namba, thamani ndogo kabisa, kubwa kabisa, na heshi ya baiti zake, yaani alama fupi inayobadilika baiti zikibadilika. Tengeneza mazingira mapya yenye toleo la 3, kimbiza kiskripti kilekile, linganisha. CT isiyobanwa, au iliyobanwa bila kupoteza kitu, lazima ifanane baiti kwa baiti. Isipofanana usiendelee hadi ujue sababu. JPEG ya kupoteza inaweza kutofautiana kidogo ukibadilisha kisimbuzi, kwa hiyo huko pima tofauti kubwa kabisa badala ya kutegemea heshi.

Folda hiyo isiwe ya picha mia za mashine moja. Zipange kwa `TransferSyntaxUID`, lebo inayosema picha imebanwa vipi, na `PhotometricInterpretation`, chukua chache kutoka kila kundi, na hakikisha kuna altrasaundi ya fremu nyingi. Msisahau JPEG 2000 na RLE.

Badilisha kitu kimoja kwa wakati. Panda Python kwanza huku pydicom imefungwa kwenye 2.4.4, pima, halafu ndipo uje pydicom. Kama unatumia pynetdicom, maktaba dada ya kutuma na kupokea picha kwa mtandao, nayo ina toleo lake la 3 la kwenda pamoja. NumPy 2, maktaba ya safu za namba, iache zamu ya mwisho, maana ina vituko vyake: safu ya `uint16` ukiijumlisha na -1024, hesabu ya kila siku ya CT, zamani ilipanuka yenyewe kuwa aina kubwa zaidi, sasa inatupa kosa. Geuza safu kuwa `int32` au desimali kwanza.

Kuhusu picha za majaribio, usichukue za wagonjwa ukazipakia kwenye GitHub ili uombe msaada. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, Kenya ina yao ya 2019, na kufuta `PatientName` hakutoshi kwa altrasaundi ambayo jina limeandikwa juu ya picha yenyewe. pydicom inakuja na faili zake za majaribio, mojawapo `CT_small.dcm`, jaribu kulizalisha tatizo kwa hizo.

Mambo yakishatulia kwenye 3, kimbiza majaribio yako mara moja kwa `python -W error::DeprecationWarning`. Utakutana na `is_little_endian`, `is_implicit_VR` na `write_like_original` zikiwa zimejificha kwenye pembe ulizozisahau. Ziondoe sasa, kwa sababu toleo la 4 halitakuwa nazo.