Wahispania wananipiga mizinga kila nikikaribia bandari, nifanyeje?

Ndugu, nimekuelewa: kwenye mchezo wa video wa maharamia, Sid Meier's Pirates! (ule wa 2004), umeteka meli chache za Hispania, na sasa ngome zao zinakufyatulia kabla hata hujatia nanga. Usifute mchezo, hiyo si hitilafu.

Ukiteka meli ya taifa fulani, taifa hilo linatangaza zawadi kwa atakayekukamata. Kadiri unavyoendelea kuteka ndivyo zawadi inavyopanda, na meli za kukuwinda zinaanza kukufuata. Lakini uadui hauendi kwa wote. Mataifa ni manne: Hispania, Uingereza, Ufaransa na Uholanzi. Ukimpiga Mhispania wakati anapigana na Mwingereza, gavana wa Kiingereza atakupokea kwa bashasha na kukupandisha cheo. Kwa hiyo kabla ya kufyatua, angalia kwanza nani anapigana na nani. Mimi nilipuuza hilo, nikajikuta nina maadui watatu kwa mpigo!

Kurudisha uhusiano, tafuta misheni ya Wajesuti (mapadri wa Kikatoliki) na umwombe padri mkuu akusemee kwa Wahispania. Wakati huohuo ziache kabisa meli zao, vinginevyo unatwanga maji kwenye kinu.

Ukilazimika kuingia mjini leo, tia nanga kando, kisha unyemelee usiku ukiwakwepa walinzi. Hifadhi mchezo kwanza, maana ukikamatwa utafungwa jela, na miezi inayopotea humo inamzeesha nahodha wako.