Jibu: Subaru Forester ya turbo iliyotuniwa, nichukue au niache?
Mkuu umeuliza kama hiyo Forester XT ya Moshi iliyochezewa kontrol boksi (kompyuta ya injini) iongeze nguvu ni ya kuchukua au ni kesi. Mi nilishawahi kuwa nayo hapa Arusha, usiikimbie ila usiingie kichwa kichwa. Kwanza muulize muuzaji nani aliituni na kwa mafuta gani, maana ikipangiwa petroli ya Japani ya oktani 100 halafu ukaiwekea hii yetu ya sheli injini inaanza kugonga (mafuta yanalipuka vibaya ndani ya silinda), na hizi injini za Subaru za EJ zenye turbo zikigonga sana pistoni inapasuka pale kwenye ringi, hapo ndo utajua hujui. Mwambie asiiwashe kabla hujafika, we ukifika gusa boneti, ikiwa ya moto jua huenda kuna kitu anaficha. Kijiti cha oili chomoa mwenyewe. Fundi wako apime kompresheni (mgandamizo wa hewa) silinda zote nne, vipimo visipishane sana, muuzaji akigoma panda koasta urudi zako. Yangu niliapiwa "bosi hii haili oili kabisa", safari mbili tu za Moshi na kurudi lita imeisha, na moshi wa bluu juu 😅 Bei anasemaje lakini?