Pima Joto Pale Alipo Kifaranga

Juzi usiku kaka mmoja aliniandikia. Ujumbe wote ni mrefu, ila mwisho wake ndio umenikaa kichwani: "Nilitotolesha vifaranga 41. Leo ni siku ya sita, nimebaki na 12. Kipimajoto kinasoma 33. Sasa nimekosea wapi?"

Ulinikuta nimekaa mbele ya vifaranga wangu 27, wote wazima, wana siku kumi, na nje kuna baridi ya kuuma masikio. Nakiri kitu cha kwanza nilichosikia moyoni ni raha, ile raha ya mtu aliyefaulu mtihani wenzake walioanguka. Kisha nikaona haya. Ujumbe ule ningeweza kuuandika mimi mwenyewe miaka mitatu iliyopita, neno kwa neno.

Mashine yangu ya kwanza ya kutotolesha mayai niliiunda kwa mikono yangu: sanduku la mbao, balbu mbili, bakuli la maji chini, kipimajoto juu. Niliingiza mayai 30. Nilikuwa nimeyakusanya kwa siku kumi na sita nikijiona mtu wa subira, kumbe mayai ya kutotolesha yakipita wiki moja nguvu yake inaanza kushuka. Machafu niliyaosha mpaka yakang'aa. Nayo ni kosa, kwa sababu yai lina utando mwembamba wa nje unaozuia vijidudu kupenya kwenye vitundu vya ganda, na mimi nikauondoa kwa sabuni. Moja lilipasuka siku ya 15. Sitaeleza harufu yake.

Siku ya 21 ikafika, kimya. Siku ya 22, kimya. Siku ya 23 nikasikia sauti ndani ya yai, nikapagawa. Nilifungua mlango kila baada ya dakika kumi kuchungulia. Kila nilipofungua, unyevu ukatoka, na ule utando wa ndani ukakauka na kuwanata vifaranga kama gundi. Mmoja alikuwa ametoboa tundu dogo, mdomo unaonekana, anahema. Nikamwonea huruma, nikaanza kumbandua ganda kwa kucha. Damu ikatoka. Tone moja tu, kisha lingine, kisha likawa haliishi. Kifaranga akishatoboa anaweza kukaa saa 12 hadi 24 kabla ya kutoka, kwa sababu bado anamalizia kunyonya damu na kiini. Mimi nilidhani amekwama. Alikufa kiganjani mwangu, akiwa bado na joto.

Nilipata wanne kwa jumla, na wawili kati yao hawakuwahi kusimama.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba siku zile zile kuku mmoja alikuwa ameatamia nyuma ya nyumba, kwenye ndoo iliyolala, bila kipimajoto wala balbu. Mayai kumi, vifaranga tisa. Alipita nao mbele ya mlango wangu akiwalia kwe-kwe-kwe, nami nikamwona kama ananisema.

Kosa lilikuwa wapi? Kipimajoto nilikining'iniza karibu na balbu, mayai yakiwa shubiri moja chini yake. Sanduku halikuwa na feni, na hewa ya moto siku zote hukaa juu. Kipimajoto kilisoma 37.5, ile namba ambayo kila mtu huitaja, nikalala usingizi mnono. Mayai hayakuwa kwenye 37.5. Namba hiyo ni ya mashine yenye feni inayozungusha hewa. Mashine isiyo na feni inatakiwa isome kama 38.5, tena usawa wa mgongo wa mayai. Mayai yangu yalikuwa yanasikia baridi wiki tatu mfululizo, ndiyo maana walichelewa na kutoka dhaifu.

Na kipimajoto chenyewe usikiamini kwa sababu tu kinang'aa. Kitumbukize kwenye glasi ya barafu iliyoanza kuyeyuka, subiri, uone kama kinasoma sifuri. Changu kilikuwa kinadanganya kwa nyuzi moja na nusu, nami nikadanganyika kwa miezi.

Baadaye nilinunua mashine yenye feni. Aliyeniuzia aliapa kwamba kazi yangu itakuwa kuingiza mayai na kutoa vifaranga, basi. Sitaki hata kumkumbuka. Lakini nilikuwa nimejifunza. Niligeuza mayai mara tano kwa siku mpaka siku ya 18, kisha nikaacha kabisa. Unyevu niliuweka kwenye asilimia 50 hivi, siku tatu za mwisho nikaupandisha kufika 65 na ushee. Siku ya 7 nilizima taa nikayamulika kwa tochi. Ukiiona mishipa ya damu imetandaa ndani ya yai kama buibui jekundu, na kidoa cheusi kinatikisika katikati, moyo unaruka. Wakatoka 24. Niliwapigia simu ndugu wote, hata wasiouliza.

Niliwahamishia kwenye boksi lenye balbu ya kuwapasha joto. Usiku wa nne balbu hiyo iliungua. Nilikuwa na balbu moja tu, na usiku ule baridi ilikuwa kali kuliko zote za msimu. Vifaranga wakisikia baridi hurundikana, na boksi langu lilikuwa na pembe nne. Asubuhi niliwakuta kwenye pembe moja, kilima cha manyoya. Wa juu walikuwa hai. Wa chini walikuwa wamebanwa mpaka wamekuwa bapa, wamelowa. Kumi na tisa. Shemeji yangu aliingia, akawahesabu kwa kidole, akacheka: "Kumbe mashine yako inatotoa misiba." Amesahau, nadhani. Mimi sijasahau.

Wengi wetu tunasema baridi imeua vifaranga. Mara nyingi walioua ni sisi tuliolala. Kifaranga wa siku moja hawezi kujipasha joto mwenyewe, manyoya yale laini hayatoshi, na itamchukua kama wiki sita kuvaa manyoya ya kweli. Mama yake angemfunika usiku kucha bila kuomba likizo. Ukimwondoa mama, kazi ni yako, na kazi hiyo haina usiku. Kama hutaki kuamka saa nane za usiku na kutia tochi ndani ya boksi, mwachie kuku mayai yake, hakuna aibu. Nimechoka kuona watu wakijisifu kwa picha za vifaranga wa siku moja ambao siku ya kumi hawapo na hakuna anayeuliza.

Sasa ninachofanya. Washa joto siku moja kabla ya kuwaleta, ili sakafu nayo ipate moto, kwa sababu saruji hunyonya joto la miguu ya kifaranga kimyakimya. Mwaga maranda unene wa kiganja. Kunja kadibodi uzibe pembe zote, boksi liwe duara. Weka balbu mbili badala ya moja, na zote zisiwe zimezeeka pamoja. Wiki ya kwanza nyuzi 32 hadi 35 chini ya taa, kisha punguza tatu hivi kila wiki, na uache sehemu ya boksi isiyo na taa ili anayesikia joto aondoke. Umeme ukikatika, jaza maji ya moto kwenye chupa, zivingirishe nguo, zilaze katikati yao, funika boksi kwa blanketi lakini acha pa kupumulia. Jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa usithubutu. Litawaua wao na wewe.

Hapo kwenye kupumua nisisitize, maana watu wa sehemu za baridi huziba kila tundu. Hewa nzito huzaa unyevu, maranda yakilowa yananuka mpaka macho yanawasha, na hapo ndipo kukohoa na kuharisha damu huanzia. Unachozuia ni upepo unaopita chini, usawa wa kifaranga. Juu acha wazi.

Namba ni kitu kizuri, lakini kifaranga ndiye kipimajoto. Wakijibana chini ya taa na kulia kwa sauti kali, wana baridi. Wakikimbilia kingo, midomo wazi, mbawa zimelegea, wana joto. Wakitawanyika, huyu anakula, yule amelala kifudifudi kama mlevi, hapo umepata. Mimi huchukua mmoja, nikabandika miguu yake shavuni. Ikiwa ya baridi, naongeza joto, hata kama kipimajoto kinasema nini. Kisha napapasa ule mfuko wa chakula chini ya shingo. Asubuhi ya pili uwe umejaa na laini. Ukiwa mtupu, huyo hakula, na asiyekula katika baridi hafiki mbali. Maji ya kwanza yawe vuguvugu. Ukikuta kinyesi kimemgandia nyuma, mfute taratibu kwa kitambaa chenye maji ya moto kiasi, usikibandue kikavu. Chanjo muulize daktari wa mifugo mapema, kabla hujaingiza mayai.

Hawa 27 wa sasa walitoka kwenye mayai 36. Matano niliyatoa siku ya 7, hayakuwa na mbegu. Shemeji alikuja juzi, akainama, akaangalia kwa muda mrefu. Hakusema kitu. Nami sikumsaidia kusema.

Yule kaka nilimjibu kwa swali moja: kipimajoto chako kiko wapi? Akasema ukutani, karibu na taa, usawa wa kifua ili asome bila kuinama. Nikamwambia akishushe, akilaze juu ya maranda pale wanapolala. Baada ya nusu saa alinitumia picha. Kilisoma 24.