Soma Swali Kabla ya Kusoma Kitabu

Nimekulia Songea. Kila tarehe 27 Februari mji wetu huwakumbuka mashujaa wa vita vya Maji Maji dhidi ya Wajerumani walionyongwa mwaka 1906, akiwemo Nduna (kiongozi wa vita wa Wangoni) Songea Mbano ambaye mji unaitwa kwa jina lake. Bibi yangu alinisimulia habari za vita hivyo tangu sijaanza shule. Kwa hiyo nilipofika chuo kikuu, na asaimenti yangu ya kwanza ya historia ikawa juu ya Maji Maji, niliona nimepewa zawadi. Niliandika kurasa tisa kwa siku mbili. Nilianza na kilimo cha lazima cha pamba, nikapanda milima ya Umatumbi, nikamweleza mganga Kinjikitile na maji yake ya kuzuia risasi kule Ngarambe, nikafuata mapigano hadi Ungoni, nikamalizia na njaa iliyoletwa na Wajerumani kwa kuchoma mashamba na maghala.

Nilipata alama 8 kati ya 20. Chini ya ukurasa wa mwisho mwalimu alikuwa ameandika: "Umenisimulia vita vizuri. Jibu la swali sijaliona."

Swali lenyewe lilikuwa hili: "Vita vya Maji Maji vilikuwa chimbuko la utaifa wa Tanganyika. Jadili."

Miaka kadhaa baadaye nilifanya kazi ya kuongoza semina na kusahihisha asaimenti za mwaka wa kwanza, na kosa langu nikalikuta karibu kwenye kila rundo. Mwanafunzi anaona neno moja analolifahamu kwenye swali, "Maji Maji" au "ushairi" au "ukoloni", kisha anamwaga kila anachokijua kuhusu neno hilo. Ameandika mada, hajajibu swali. Na mara nyingi wanaoanguka hivyo si wavivu. Ni wale wanaoipenda mada, wenye mengi ya kusema.

Kwa hiyo, mdogo wangu, usiende maktaba siku unayopewa swali. Kaa nalo kwenye kimbweta, zile meza za nje za kusomea, na karatasi tupu. Liandike kwa mkono wako, kisha ulihoji neno kwa neno. Nikuoneshe kwa swali lile lile lililoniangusha.

"Tanganyika." Mwaka 1905 hapakuwa na nchi ya jina hilo. Lilikuwa koloni la Wajerumani la Afrika Mashariki, na jina Tanganyika lilianza kutumika rasmi mwaka 1920, Waingereza wakiwa wameshalichukua. Swali basi linataka tuwape wapiganaji wa 1905 nchi ambayo bado haikuwa na jina. Hilo peke yake ni jambo la kujadili.

"Utaifa." Ni hisia ya kuwa watu wamoja? Ni chama cha siasa kinachodai uhuru? Ukichukua maana ya pili, unaizungumzia TANU iliyozaliwa mwaka 1954, karibu nusu karne baada ya vita. Ukichukua ya kwanza, unapaswa kuuliza ni akina nani walijiona wamoja. Wamatumbi, Wangindo, Wapogoro na Wangoni walipigana. Wahehe, waliokuwa wamewatoa Wajerumani jasho chini ya mtawala wao Mkwawa miaka ya 1890, safari hii wengi wao walikuwa upande wa Wajerumani. Usukuma na Kilimanjaro hakukuwa na vita hivyo.

"Chimbuko." Hili ndilo neno lililobeba mzigo wote, nami nililipita kama silioni. Chimbuko ni mahali maji yanapotokea ardhini. Anayesema Maji Maji ni chimbuko la utaifa anadai kwamba kimoja kilizaa kingine. Unapaswa kuuliza: kilizaaje? Kwa njia gani? Nani aliyebeba mbegu kutoka 1907 hadi 1954?

Na "jadili" maana yake si "eleza". Sentensi iliyotangulia ni dai la mtu. Unaambiwa ulipime, useme linasimama wapi na linaanguka wapi, na utoe uamuzi. Hakuna mwalimu wa historia anayetoa sentensi ya namna hiyo akitarajia wanafunzi mia mbili wakubaliane nayo.

Sasa jaribu kuandika jibu lako kwa sentensi moja kabla ya kusoma sana. Litakuwa jibu la kukisia, na si kitu, utalibadilisha. Mimi niliporudia swali lile kwa ajili ya mtihani wa mwisho wa muhula, jibu langu la kwanza lilikuwa "ndiyo, kwa sababu makabila yaliungana". Baada ya kuwaangalia Wahehe likawa "hapana, kwa sababu hayakuungana yote". Yote mawili ni majibu mepesi. La tatu ndilo lililonipa pumzi ya kuandika: Maji Maji haikuuzaa utaifa, ila iliacha kumbukumbu ambayo wanautaifa wa miaka ya 1950 waliichukua na kuipa maana mpya. Mwalimu Nyerere mwenyewe alivitaja vita hivyo mbele ya Umoja wa Mataifa mwaka 1956 alipokuwa akieleza historia ya madai ya uhuru. Hapo nilikuwa na hoja, maana msomaji mwenye akili angeweza kuibishia. Pima hoja yako kwa kipimo hicho. Ikiwa hakuna mtu mwenye akili timamu anayeweza kuipinga ("Vita vya Maji Maji vilikuwa na sababu nyingi na matokeo mengi"), bado hujasema kitu.

Ukiwa na hoja ya kuanzia, maktaba inakuwa mahali tofauti kabisa. Husomi tena ili ujaze kurasa. Unatafuta anayekuunga mkono na anayekupinga. Utakutana na Terence Ranger, aliyefundisha historia Dar es Salaam miaka ya 1960, ambaye mwaka 1968 aliandika juu ya uhusiano kati ya upinzani wa awali dhidi ya ukoloni na utaifa uliokuja baadaye. Utakutana pia na watafiti waliomfuata wakairudisha vita kijijini: kwenye misitu, uwindaji, njaa, mambo ya wake na waume ndani ya kaya. Weka watu hawa wabishane kwenye karatasi yako. Kuwapanga foleni, fulani alisema hivi na fulani akasema vile, hakutoshi. Sema nani amekushawishi na kwa nini.

Na hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu ndipo wengi wanapoumia: ushahidi una umri, una mwenyewe, una sababu ya kuwepo. Gavana Gustav Adolf von Götzen alichapisha kitabu chake juu ya vita hivyo mwaka 1909. Ni mtu aliyekuwa akitawala koloni vita vilipozuka, kwa hiyo alikuwa na la kujitetea. Mwaka 1968 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakati huo kikiwa bado chuo kishiriki, walikwenda vijijini kukusanya masimulizi ya wazee. Ni hazina kubwa. Lakini wazee wale walikuwa wakikumbuka mambo ya miaka 60 nyuma, na walikuwa wakiwasimulia vijana wa taifa jipya, mwaka mmoja tu baada ya Azimio la Arusha. Kuyasema haya si kuwavunjia wazee heshima. Unampa msomaji uzito halisi wa kila neno unaloliweka mezani.

Takwimu nazo zitendee hivyo hivyo. Katika asaimenti nilizosahihisha, nimesoma mara nyingi kwamba "watu 300,000 walikufa", bila zaidi. Makadirio ya upande wa Wajerumani yalikuwa 75,000. Mwanahistoria Gilbert Gwassa alikadiria kati ya 250,000 na 300,000, na wengi katika hesabu hiyo ni wale waliouawa na njaa. Ukiandika namba zote mbili na wenyewe, aya yako imeshapata kazi ya kufanya, kwa sababu utalazimika kueleza tofauti hiyo inatokana na nini.

Kosa jingine lilikuwa langu. Katika zile kurasa tisa nilinukuu maneno ya Kinjeketile kuthibitisha kwamba alitaka kuunganisha makabila. Maneno yale nilikuwa nimeyatoa kwenye tamthiliya ya Ebrahim Hussein ya mwaka 1969. Hussein aliumba mhusika. Mtu wa historia, ambaye wanahistoria humwandika Kinjikitile, alinyongwa Mohoro Agosti 1905 na hakuacha maandishi. Tamthiliya ile ingeweza kunifaa sana kama ushahidi wa jinsi Watanzania wa 1969 walivyoitaka vita ile iwe na maana. Mimi niliitumia kama shahidi wa 1905.

Ukiwa kwenye kozi ya fasihi kosa linageuka sura tu: mwanafunzi anasimulia upya hadithi. Mwalimu ameshaisoma tamthiliya. Usimwambie kwamba mwishoni Kinjeketile anakataa kuwatangazia watu kuwa maji yalikuwa uongo. Mwambie kukataa kule kunafanya nini ndani ya mchezo, na umwoneshe mstari unaokufanya useme hivyo. Nukuu fupi, maneno sita au kumi, kisha maelezo yako marefu kuliko nukuu.

Kuhusu kudesa, yaani kunakili kazi ya mwingine, nitasema wazi. Wizi mwingi wa maandishi niliouona haukuanza na nia mbaya, ulianza na daftari baya. Mtu anasoma kitabu, ananakili sentensi nzuri bila alama za nukuu na bila ukurasa, na baada ya wiki mbili anaikuta kwenye daftari lake akidhani ni yake. Tangu nilipoponea chupuchupu kwa namna hiyo, kila ukurasa wangu wa daftari una mstari katikati: kushoto maneno ya mwandishi yakiwa na namba ya ukurasa, kulia maneno yangu mimi, nikikubali, nikikataa, nikiuliza. Asaimenti huandikwa kutoka upande wa kulia. Ukiona kulia ni kweupe, hujaanza kufikiri, hata kama umesoma vitabu vitano.

Programu za akili mnemba nazo siku hizi ziko kwenye kila simu. Zinaweza kukutungia marejeleo ya makala ambayo hayapo duniani, yenye jina la mwandishi wa kweli na mwaka unaoaminika. Usiweke kwenye orodha yako kitu ambacho hukukifungua kwa macho yako.

Halafu kuna lugha. Ukiacha kozi za Kiswahili, vyuo vyetu vinafundisha kwa Kiingereza, na wengi wetu tunafikiri kwa Kiswahili. Nilipoteza muhula mzima nikijaribu kufikiri na kutafsiri kwa wakati mmoja, nikaishia kuazima sentensi ndefu za vitabuni kwa sababu zangu zilionekana changa. Kilichonisaidia ni kuandika mpango wote kwa Kiswahili: hoja, kila aya inadai nini, ushahidi gani unaitetea. Nilimweleza mwenzangu wa chumbani kwa mdomo, naye alisoma uhasibu, hajui chochote kuhusu Maji Maji. Pale alipokunja uso ndipo hoja yangu ilipokuwa na shimo. Baada ya hapo Kiingereza kikawa kazi ya kuandika tu, na sentensi fupi zilizo sahihi zilitosha.

Katika aya zenyewe, anza na dai. Nilikuwa naanza hivi: "Wahehe ni kabila linalopatikana Iringa." Msomaji hajui umemleta Iringa kufanya nini. Baadaye nikaanza hivi: "Msimamo wa Wahehe unaonesha kwamba kupigwa na Wajerumani hakukutosha kuwafanya watu waungane." Sasa kila sentensi inayofuata ina kazi. Na ukimaliza rasimu, soma sentensi za kwanza za aya zako peke yake, kutoka juu hadi chini. Zikisomeka kama jibu la swali, mifupa ipo. Zikisomeka kama orodha ya mambo, rudi.

Utangulizi uandike mwisho. Na chapisha siku moja kabla, kwa sababu asubuhi ya kukusanya steshenari zote zina foleni na umeme hauna ahadi na mtu.

Ukirudishiwa kazi, usiangalie alama na kuifungia kwenye begi. Nilichelewa sana kujua kwamba naweza kwenda ofisini kwa mwalimu na karatasi yangu nikiwa na swali moja tu nililolifikiria. Mara ya kwanza nilipothubutu, nilikuwa mwaka wa pili, na mwalimu alikuwa yule yule wa kurasa tisa. Nilimwambia, "Shikamoo Mwalimu, naomba kuuliza. Habari alizonisimulia bibi yangu, naweza kuzitumia kama ushahidi?"

Alivua miwani. "Marahaba. Bibi yako alizaliwa lini?"

"Miaka ya 1930, Mwalimu."

"Kwa hiyo vita hakuviona. Yeye alisimuliwa na nani?"

Sikujua. Likizo ile nilipanda basi la Songea nikiwa na daftari lenye mstari katikati. Bibi alikuwa uani anapepeta mchele, nikakaa naye kwenye mkeka, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu sikumwomba anisimulie vita. Nilimwomba anisimulie habari za mama yake.