Kitanzi kinakokota

SWALI: Mtaalamu, kitanzi changu cha for (amri ya kurudia hatua) kwenye R, lugha ya programu ya takwimu, kinapitia mistari laki mbili, na kila mzunguko naandika matokeo <- c(matokeo, x). Kinaanza kwa kasi, kisha kinakokota. Nimeambiwa nihamie amri ya sapply, eti yenyewe haizunguki. Itasaidia?

JIBU: Ndiyo, lakini siyo kwa sababu uliyoambiwa: sapply nayo inazunguka vilevile, ila hutenga nafasi ya majibu mapema. Mchawi wako ni hiyo c(), amri ya kuunganisha. Kila ukiiita, R hutenga nafasi mpya kwenye kumbukumbu na kunakili majibu yote ya nyuma. Mzunguko wa 100,000 unanakili namba 99,999 ili kuongeza moja tu! Tenga nafasi mapema, matokeo <- numeric(n), n ikiwa idadi ya mistari, kisha ndani ya kitanzi andika matokeo[i] <- x.

Na je, kitanzi chenyewe cha nini? Kama x ni uzito / urefu^2, ipige hesabu kwa vekta nzima (safu yote ya namba kwa pamoja), mstari mmoja wa msimbo, basi. Jumla limbikizi ina amri yake, cumsum. Ila hatua ikitegemea iliyotangulia kwa kanuni yako mwenyewe, baki na for bila aibu: tangu R 3.4.0 ya mwaka 2017, R yenyewe hutafsiri vitanzi kuwa baitikodi, msimbo unaoendeshwa kwa kasi zaidi. Pima kwanza mistari elfu kumi kwa system.time(), amri ya kupima muda.